Boriti ya Juu

Palikuwa na boma kubwa ng'ambo ya bahari ya magharibi, nalo lilikuwa na malango mawili. Kwenye lango moja alikaa Tembo, kwenye la pili alikaa Punda. Katikati ya boma palikuwa na banda, na ndani ya banda, karibu kabisa na paa, ilipita boriti moja. Aliyelala juu ya boriti ile ndiye aliyewika alfajiri. Akishawika, nafaka hugawiwa, ugomvi huamuliwa, na mlango hufunguliwa au hufungwa. Tangu boma lijengwe, hakuna aliyewahi kulala pale ila jogoo.

Boma hilo ni Marekani, na sina haja ya kulificha. Tembo na Punda si wangu. Ni alama za vyama vyake viwili vikubwa tangu karne ya 19, Republican na Democratic. Mimi nimeongeza ndege tu. Kila baada ya miaka minne watu huulizana kwa uchungu kwa nini wanawake wa nchi ile hawakusimama pamoja, kana kwamba jambo limezuka jana. Ndege watatuonyesha kila mmoja alikuwa amelala wapi.

Ndani ya banda, chini ya boriti ya juu, walilala kuku weupe. Hawakuwa huru. Mayai yao yaliokotwa bila kuulizwa, na kuku aliyepaza sauti alidonolewa kisogoni mpaka manyoya yakamtoka. Lakini paa halikuvuja, na jogoo alipochakura akapata punje, aliwaita wao kwanza.

Nje, juu ya mti, walilala kanga. Waliletwa bomani kwa matenga, miguu imefungwa kamba. Wahenga walisema kanga hazai ugenini. Hawa walizaa, maana hawakupewa hiari. Aliyefuga kanga anajua kwamba nyoka hapiti wala mwewe hazunguki bila wao kupiga kelele, na kelele zile huwaokoa wote uwanjani, wenye paa na wasio na paa. Kazi yao ya pili ilikuwa nzito zaidi. Kanga jike aliitwa ndani ya banda alfajiri akalalia mayai ya kuku. Yalipoanguliwa akavilea vile vifaranga, akavifundisha kuchakura, akavifunika mvua iliponyesha. Mayai yake mwenyewe yalibaki majanini yakapoa. Jioni alitolewa nje, na mlango ukakomewa nyuma yake.

Siku moja kuku walikusanyika nyuma ya ghala wakasema: na sisi tupewe kokoto. Pale bomani kila aliyehesabiwa kuwa mtu alitia kokoto lake kibuyuni siku ya kuchagua wa kulala juu, na karibu majogoo weupe peke yao ndio waliokuwa nazo. Hiyo ilikuwa Julai 1848, mji wa Seneca Falls, jimbo la New York. Miongoni mwa madai waliyoandika, lile la kokoto liliwatisha hata wenyewe, likawa karibu lianguke. Aliyesimama kulitetea pamoja na Elizabeth Cady Stanton alikuwa jogoo wa kanga, Frederick Douglass, ambaye miaka kumi nyuma alikata kamba yake akatoroka. Ndiyo kusema mwanzoni kabisa kanga alikuja kusimama na kuku. Hilo lisisahaulike katika yatakayofuata.

Vita vikapiganwa bomani, kamba za kanga wote zikakatwa, na Tembo akaleta kapu moja la kokoto akasema: hizi ni za majogoo wa kanga, kuku na kanga jike wangoje. Mwezi Mei 1869 wakakutana New York kulizungumza. Douglass akasema tupokee zilizopo, kwa kuwa sisi tunaning'inizwa kwenye nguzo na vifaranga wetu wananyang'anywa, na kwetu kokoto ni uhai. Sauti ikamuuliza: na kanga jike je, si hayo hayo yanampata? Akajibu kwamba yanampata, ila kwa ukanga wake, si kwa ujike wake. Stanton na mwenzake Susan B. Anthony walikataa. Stanton akaenda mbali zaidi: akawataja wanaume weusi na wahamiaji kwa maneno ya dharau, akiuliza vipi wajinga watunge sheria za kuku waliosoma.

Katika mkutano ule alikuwamo kanga jike mmoja, Frances Ellen Watkins Harper, mshairi na mhadhiri. Yeye alikuwa na mambo yote mawili mwilini, ukanga na ujike, na ndiye aliyeombwa achague. Akasema kama boma linaweza kubeba mzigo mmoja tu kwa wakati, hatauzuia ule wa kanga. Nadhani jibu lake halijapata kupitwa mpaka leo, wala swali lile halijaacha kuulizwa kwa mabinti wa mabinti zake.

Miaka mitatu baadaye, 1872, kuku aitwaye Victoria Woodhull aliruka kuitaka boriti ya juu, wa kwanza kufanya hivyo. Chama chake kidogo kilimtangaza Douglass kuwa mgombea mwenza. Douglass hakukubali wala hakujibu. Jina la kanga lilipendeza kwenye bango. Kanga mwenyewe hakuhitajika.

Kisha ikaja miaka ya kunyonga. Majogoo weupe walipotaka kumwua jogoo wa kanga walisema amemgusa kuku. Kanga jike aitwaye Ida B. Wells, mwandishi wa habari wa Memphis, alifuatilia vifo hivyo kimoja kimoja, akaandika kwamba kisingizio cha kumlinda kuku kilikuwa uongo. Mwaka 1892 ofisi ya gazeti lake ikavunjwavunjwa, naye akaonywa asirudi. Alichohitaji kutoka kwa kuku kilikuwa kidogo mno: watoke uwanjani waseme, msiue kwa jina letu. Waliotoka kusema wakati ule walikuwa wachache, na wengi walinyamaza ndani ya banda.

Machi 3, 1913, siku moja kabla Woodrow Wilson hajaapishwa kuwa rais, kuku kwa maelfu waliandamana Washington kudai kokoto. Wells alitoka Chicago pamoja na wajumbe wa Illinois. Wakubwa wa maandamano walikuwa na hofu kwamba kuku wa kusini wataondoka wakiona kanga katikati yao, kwa hiyo wakaagiza kanga wote wakatembee mwisho. Wells akasema hatembei mwisho, akaondoka, na watu wakadhani amekwenda zake. Alikuwa amesimama pembeni mwa barabara katika watazamaji. Safu ya Illinois ilipofika mbele yake, akashuka kutoka ukingoni, akaingia mstarini. Kuku wawili weupe wa Illinois, mmoja kulia na mmoja kushoto, wakatembea naye bega kwa bega mpaka mwisho wa njia.

Hao wawili nawatazama sana kila ninapoifikiria habari hii. Hawakumtungia shairi Wells. Hawakumwambia wanajua machungu yake. Walimwachia nafasi baina yao, na kwa kufanya hivyo walikubali kutazamwa kama alivyotazamwa. Kama kuna undugu wa wanawake katika siasa ya boma lile, umbo lake naliona pale.

Kokoto za kuku zilipatikana mwaka 1920. Kwa maandishi zilikuwa za majike wote. Kwa vitendo, kanga wa kusini alipofika kwenye kibuyu aliambiwa alipe kodi kwanza, au asome na kueleza ibara ya katiba, na akibishana alifukuzwa kazi ile ile ya kulea vifaranga. Hali ilibaki hivyo mpaka sheria ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965, miaka 45 baada ya kuku kushangilia. Katika miaka hiyo kuku walikuwa na kokoto zao, na wangeweza kuuliza wenzao wako wapi.

Sasa nafika kwa kanga wa Brooklyn.

Shirley Chisholm alikuwa mwalimu wa shule ya chekechea, mtoto wa wahamiaji wa Karibea, mwembamba, mwenye miwani na sauti iliyonyooka kama rula. Mwaka 1968 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la Marekani. Januari 25, 1972, katika kanisa moja la Wabaptisti hapo Brooklyn, alitangaza kuwa anaitaka boriti ya juu kupitia lango la Punda. Hakuna kanga jike aliyewahi kuitaka kupitia lango lolote kati ya yale mawili makubwa. Alisema yeye si mgombea wa weusi peke yao ingawa ni mweusi na anajivunia, wala wa wanawake peke yao ingawa ni mwanamke na anajivunia hilo pia.

Majogoo wa kanga walinuna. Walikuwa wakijadiliana miezi mingi nani kati yao ajaribu, na huyu jike amekwisha kutangulia bila kuwapigia magoti. Kuku nao walimkumbatia mlangoni kisha wakaenda kukaa kwingine. Baadhi ya viongozi wakubwa wa harakati za wanawake, waliokuwa wameanzisha pamoja naye baraza la siasa la wanawake mwaka mmoja kabla, walimsifu jukwaani huku kokoto zao wakiziweka upande wa mpinzani wake George McGovern, kwa hoja kwamba yeye ndiye mwenye nafasi ya kushinda. Nimewahi kuisikia hoja hiyo ikitumiwa dhidi ya kila jike wa kila rangi. Kwa Chisholm ilikuja na uzito wa pili: hakuambiwa tu kwamba jike hawezi kushinda, aliambiwa hivyo na majike.

Mwaka ule ule mwewe mkubwa wa kusini, gavana George Wallace wa Alabama, aliyejenga jina lake kwa kuapa kwamba kanga na kuku hawatachanganyika milele, alipigwa risasi Maryland akiwa katika kampeni, akapooza miguu. Chisholm akaenda hospitali kumjulia hali. Wafuasi wake walikasirika, wakaona amewasaliti. Miaka michache baadaye alipokuwa akipigania Bungeni kima cha chini cha mshahara kwa wafanyakazi wa majumbani, Wallace alimsaidia kupata kura za wabunge wa kusini. Wafanyakazi wale ndio hasa kanga waliolalia mayai ya kuku. Mwanamke aliyeachwa na marafiki zake alikwenda kwa adui wa watu wake, akarudi na mshahara wa mayaya.

Mwaka ule wa 1972, kwenye mkutano mkuu wa Punda huko Miami Beach, alipata wajumbe 152. Baadaye alieleza waziwazi kwamba katika siasa ujike ulimzuia zaidi kuliko weusi. Wako waliolichukua neno hilo kama ushindi wa hoja ya kuku. Mimi nalisoma kwa namna nyingine: aliyesema hivyo alikuwa ameshawahesabu waliompa mgongo, na katika hesabu yake walikuwamo majogoo wa kanga.

Mwaka 2008 Punda alifungua lango, wakaingia wawili pamoja: kuku mmoja, Hillary Clinton, na jogoo mmoja wa kanga, Barack Obama, ambaye baba yake aliruka kutoka Kogelo, upande wa ziwa letu. Kanga jike wakawekwa tena pale alipowekwa Harper mwaka 1869. Oprah Winfrey, kanga jike mtangazaji, alipomwunga mkono Obama, wapo wanawake waliomwita msaliti wa jinsia yake. Kwa nini kila mara jike anayeambiwa kuwa ana deni kwa jinsia awe ni kanga? Kuku aliyepiga kura na jogoo wake mwaka baada ya mwaka hakuulizwa swali hilo, na wa namna yake walikuwa wengi. Tangu miaka ya 1950 wanawake weupe wameelekea kwa Tembo katika chaguzi nyingi sana za urais.

Hilo lilidhihirika 2016. Novemba ile wanawake walipanga foleni katika makaburi ya Mount Hope, mjini Rochester, wakabandika vibandiko vyao vya kupiga kura kwenye kaburi la Susan B. Anthony. Douglass amezikwa katika makaburi hayo hayo. Clinton akapata kura karibu milioni tatu zaidi ya Donald Trump, na boriti akaikosa kwa hesabu ya majimbo. Zaidi ya wanawake weusi tisa katika kila kumi walimchagua. Katika weupe wenzake, kwa hesabu zote, hakupata hata nusu. Kuku alikuwa amepanda mwenyewe safari hii, mweupe kama wao, na bado kuku waliompa kokoto jogoo walikuwa wengi kidogo kuliko waliompa yeye.

Kwa hiyo tusiseme ni chuki ya rangi peke yake. Jogoo anatoa kitu. Ukilala chini ya bawa lake unakatwa manyoya, lakini unakuwa wa kwanza kuitwa punje inapoonekana, na kuna wa chini yako. Kuku anayelitia kokoto lake kwa jogoo halindi mayai yake. Analinda nafasi yake kwenye foleni ya mtama. Nalisema bila kumdharau, kwa maana njaa anaijua naye.

Jumapili, Julai 21, 2024, Rais Joe Biden akajitoa katika mbio za kuitaka tena boriti, akamtaja makamu wake, Kamala Harris. Mama yake alitoka India, baba yake Jamaica. Alisoma Chuo Kikuu cha Howard, alikolelewa kisiasa na dada zake wa chama cha wanafunzi weusi. Usiku ule ule kanga jike zaidi ya 40,000 walikutana kwa simu na kompyuta, wakaanza kuchanga kabla hapajapambazuka. Siku nne baadaye kuku weupe zaidi ya 100,000 wakakutana vivyo hivyo, na waliowaita walisema wazi kwamba wameitana ili wazungumze na wenzao wenyewe. Hilo lilikuwa jipya, na lilinipa matumaini ya kweli. Trump, jogoo aliyekuwa akiitaka boriti mara ya tatu, akasimama Chicago mbele ya mkutano wa waandishi wa habari weusi, akadai Kamala alikuwa Mhindi siku zote, ghafla kageuka mweusi. Kanga hawakushangaa. Tangu Harper wanaulizwa wao ni nani hasa.

Kulikuwa na jambo la mayai. Juni 2022 Mahakama ya Juu iliondoa ulinzi wa kikatiba wa haki ya kutoa mimba, na kila jimbo likawa na sheria yake. Wengi waliamini hilo litawaunganisha majike wote. Novemba 5, 2024, vibuyu vikafunguliwa, na huko Missouri na Arizona pakaonekana hivi: wapiga kura walikubali kuilinda haki ile, na siku hiyo hiyo wakamchagua Trump. Mkono mmoja, kokoto mbili. Wanawake weusi walisimama walipokuwa wamesimama siku zote, wapatao tisa katika kumi. Weupe zaidi ya nusu walikwenda kwa jogoo.

Asubuhi yake kuku wengine wakafunga uzi wa bluu mguuni, ili kanga wakiwaona wajue kwamba hao hawakuwa miongoni mwa waliomwacha. Bangili hizo zilikuwapo kweli. Wakaja chini ya mti.

"Dada zetu," wakasema, "tunalia pamoja nanyi. Shukeni tuandamane."

Kanga mzee hakushuka. "Tumepiga kelele usiku wote," akasema. "Tumechoka. Huo uzi unaonwa na sisi, na sisi hatukuhitaji kuuona. Mwenzako anayelala kushoto kwako, umewahi kumwuliza kokoto lake amelitia wapi?"

Wakanyamaza, isipokuwa mmoja aliyesema hajamwuliza, kwa sababu ni dada yake wa kiota kimoja na hapendi ugomvi.

"Basi huko ndiko mnakohitajika," akasema kanga. "Hapa tupo sisi."

Wengine walirudi na uzi wao wakiwa wameudhika, wakisema kanga hawana shukrani. Yule mmoja alirudi bandani, akaufungua uzi, akapanda boriti ya pili, akajibanza ubavuni kwa dada yake.

"Dada, kokoto lako ulilitia wapi?"

"Unajua."

"Najua. Nataka sababu."

Dada yake akasema bei ya mtama imepanda. Akasema nyoka wanaingia kwa ukuta wa kusini. Akasema yule kanga hamwamini tu, basi.

"Na mayai?"

"La mayai nilikubali. Nililitia upande wenu."

"Na boriti?"

"Boriti ni jambo jingine."

"Kivipi?"

Yule dada akajisogeza pembeni. Mwenzake naye akajisogeza, akamfuata mpaka mwisho wa boriti ambapo hapakuwa na pa kusogea tena.

"Nikimweka kanga juu," akasema hatimaye, kwa hasira, "mimi nitakuwa wa ngapi?"

"Sasa umesema. Na leo, dada yangu, wewe ni wa ngapi?"

Akaanza kuhesabu kwa sauti: jogoo, wana wa jogoo, ndugu zake jogoo, wana wa ndugu zake jogoo.